KIDONDA KIDOGO CHA MDOMO: KISIKUTIE HOFU, WALA USIKIDHARAU

Labda wewe pia umewahi kuamka asubuhi ukasikia mdomo unawasha na kuchoma, pahali pamoja tu, karibu na ukingo wake. Kabla ya jua kuzama pakavimba. Kesho yake yakatokea malengelenge madogo yenye maji, yamekusanyika pamoja kama shanga. Siku ya tatu au ya nne yakapasuka, yakawa kidonda, kisha kigaga kikafunika. Ukaona haya kwenda sokoni, na Jumapili ukakaa nyuma badala ya kuimba katika kwaya.

Kila mtu aliyekuona alikuwa na shauri lake. Mmoja alikuambia upake dawa ya meno. Wa pili alisema ufungue kapsuli ya rangi mbili, umwagie unga wake juu ya kidonda. Wa tatu alisema ni malaria inayotoka, kwa hiyo ushukuru tu. Na wa nne hakusema neno mbele yako, lakini alikwenda kulisema penye bomba la maji.

Nataka kusema nawe juu ya kidonda hiki. Katika kazi ya uuguzi kando ya ziwa letu nimeona jambo hili: kidonda chenyewe mara nyingi hakimdhuru mtu. Kinapona. Linalomdhuru ni yale tunayokitendea, na yale tunayosema juu ya mwenye kidonda. Tena mara chache, lakini mara hizo ni za machozi, kinamdhuru mtu mwingine asiyeweza kujisemea, yaani mtoto mchanga aliyebusiwa.

Basi maoni yangu nayaweka hapa mbele, usiyatafute. Kidonda cha mdomo cha mtu mwenye afya kinatibiwa nyumbani kwa maji safi, mafuta kidogo na uvumilivu. Feza zako usizitupe. Lakini mdomo wenye kidonda usimkaribie mtoto mchanga, hata ukiwa mdomo wa nyanya yake, hata ukiwa mdomo wa mchungaji aliyekuja kumwombea.

KINATOKA WAPI?

Wengi hufikiri kinaletwa na uchafu, au na baridi, au na uchawi wa jirani. Sivyo. Kinaletwa na kijidudu kidogo mno, kisichoonekana hata kwa darubini ile tunayotumia kutafuta malaria katika damu. Waganga wanakiita virusi vya herpesi. Jina hilo limetoka katika Kiyunani cha kale, na maana yake ni kutambaa.

Virusi hivi vinapita kwa mate na kwa kugusa kidonda. Wengi wetu tulivipata tulipokuwa watoto, kwa busu la mtu wa nyumbani aliyetupenda. Hakuna aliyetukosea kwa kusudi. Vikiisha kuingia, havitoki tena. Vinafuata neva ya uso mpaka kwenye kifundo chake ndani ya kichwa, na huko vinalala. Miezi inapita, hata miaka, na mtu hana habari. Ni kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Mpita njia haoni kitu, lakini upepo ukipuliza, moto unawaka tena.

Upepo huo ni nini? Ni homa ya namna yoyote. Ni jua kali. Ni baridi, uchovu, kukosa usingizi, huzuni ya msiba. Kwa wanawake wengine ni siku zao za mwezi. Ndiyo sababu mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake, kisha akashinda juani, anaweza kupata kidonda mara kwa mara. Vilevile mama anayeanika ndagala mchangani toka asubuhi hata saa tisa. Maji ya ziwa na mchanga vinarudisha mwanga wa jua usoni, hata midomo inaungua bila mtu kujua.

Tena usijione uko peke yako. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3,800 walio chini ya miaka 50 walikuwa na virusi hivi katika mwili, ndio watu 64 katika kila 100. Wengi wao hawajui, kwa kuwa hawakupata kidonda kamwe, au walikipata wakakisahau. Basi anayekucheka penye bomba, huenda na yeye anavyo.

SI MALARIA INAYOTOKA

Hapa nakuomba usikilize sana. Kwetu hapa mtu akiwa na homa, kisha malengelenge yakatokea mdomoni, wengine husema, "Malaria imetoka, sasa atapona." Neno hili lina ukweli kidogo na hatari kubwa.

Ukweli ni kwamba homa huamsha virusi vilivyolala. Mtu mwenye malaria anaweza kupata kidonda cha mdomo. Lakini mwenye homa ya mapafu naye anaweza kukipata, na mwenye mafua naye, na mwenye tifoidi naye. Kidonda kinakuambia tu kwamba mwili umesumbuka. Hakikuambii ni ugonjwa gani, wala hakikuambii kwamba ugonjwa umekwisha.

Hatari ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwa mtu anayekunywa dawa za malaria. Dawa tunazotoa sasa zinanywewa siku 3. Siku ya pili homa inashuka, kidonda kinatokea, na mama anasema, "Imetoka," anaziweka dawa zilizobaki ndani ya sanduku kwa mtoto mwingine. Kumbe wadudu wa malaria bado wamo katika damu, na baada ya siku chache homa inarudi na nguvu kuliko kwanza. Dawa za siku 3 zinywewe siku 3, kidonda kiwepo au kisiwepo.

Upande wa pili ni kwa mtu asiye na malaria. Anaona kidonda, anakwenda kununua dawa za malaria bila kupimwa. Hapa na mimi sina budi kukiri kosa langu. Nilipoanza kazi, nikiwa kijana, nilimpa mtu mmoja dawa za malaria bila kipimo, kwa sababu alikuwa na joto na kidonda cha mdomo, nami nilidhani najua. Alirudi baada ya siku 4 akipumua kwa shida. Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu. Aliishi, kwa neema, lakini kifua chake kilikaa muda mrefu bila nguvu. Tangu siku ile mdomo wa mgonjwa siuachi uniambie yaliyo katika damu yake. Kipimo cha malaria ni tone moja la damu na dakika chache za kungoja. Kikatae kidonda, ukubali kipimo.

USIKITESE

Ngozi ya mdomo ni nyembamba sana. Sasa tazama tunavyoitendea. Mmoja anaweka kisu motoni, anakigusisha kidonda. Mwingine anapaka maji ya betri. Mwingine anasugua kwa chumvi kavu na limau mpaka damu inatoka, anasema, "Kikiuma ndipo kinapona." Si kweli. Maumivu si dawa. Virusi havikai juu ya kidonda tu ili uviunguze, bali vimelala mbali ndani katika neva, kisu hakifiki huko. Unaunguza ngozi yako mwenyewe, na kidonda cha siku 10 kinakuwa kovu la maisha.

Unga wa kapsuli nao hausaidii. Dawa zile, kama tetrasiklini na ampisilini, ni za kuua bakteria. Haziui virusi. Ukizitumia ovyo unawafundisha bakteria wa mwili wako kuzizoea, na siku utakapozihitaji kweli, hazitakusikia.

Mbaya zaidi ni yale mafuta ya kuchubua ngozi yanayouzwa katika vibomba vidogo. Mengi yana dawa ya betametazoni au ndugu zake. Dawa hizo zina kazi yake mkononi mwa mganga, lakini juu ya malengelenge ya herpesi zinanyamazisha walinzi wa mwili. Kwanza uvimbe unapungua, nawe unafurahi. Kisha virusi vinaenea bila mtu wa kuvizuia. Na mafuta hayo, au matone ya macho ya jamii hiyo, yakiingia katika jicho lililopatwa na herpesi, jicho linaweza kupofuka.

BASI TUFANYE NINI NYUMBANI?

Nitakuambia kwa taratibu, ili hata mtoto wa shule aweze kumsomea nyanya yake.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda na baada ya kukigusa. Usikigusishe kidole kisha ukafikicha jicho. Usikipasue, wala usibandue kigaga.

Pili, mara mdomo unapoanza kuwasha, kabla malengelenge hayajatokea, lowanisha kitambaa safi katika maji baridi, ukiweke juu ya mdomo dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kitambaa hicho kiwe chako peke yako, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Maji yawe yamechemshwa na kupozwa, au yametiwa dawa. Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa sana jambo hilo. Kipindupindu kimetufundisha kwamba maji ya ziwani na ya mtoni hayapasi kuingia kinywani hivi hivi.

Tatu, kidonda kikianza kukauka, paka mafuta laini kidogo, kama Vaseline, ili kigaga kisipasuke unapokula na kucheka. Kama hayapo, mafuta safi ya mawese yatalainisha. Usichovye kidole chenye kidonda ndani ya kopo la watu wote. Chota kwanza kidogo, uweke kando.

Nne, kinywa kikiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nusu ya kijiko kidogo cha chumvi inatosha kwa gilasi moja. Acha pilipili, limau na vyakula vya moto kwa siku chache. Maumivu yakizidi, meza parasetamoli kwa kipimo cha umri wako. Aspirini usimpe mtoto.

Tano, jikinge na jua. Mvuvi avae kofia yenye ukingo mpana. Mama wa ndagala ajifunike kwa kitambaa, apumzike kivulini jua linapokuwa la utosi.

Utaniuliza, "Na dawa ya duka je?" Iko dawa inayoitwa asikloviri, iliyoanza kutumiwa miaka ya 1980, nayo inazuia virusi hivi visizae. Kwa wagonjwa wakali inaokoa maisha, na nitaisema tena hapa chini. Lakini mafuta yake ya kupaka, kwa kidonda cha kawaida cha mdomo, yanasaidia kidogo tu, na ni lazima uyaanze saa ile mdomo unapoanza kuwasha. Mwaka 2019 waganga wa Nyuzilandi walitangaza habari ya watu wazima 952 wenye vidonda vya mdomo. Nusu walipaka mafuta ya asikloviri, nusu walipaka asali iliyosafishwa kwa kazi ya dawa. Wa dawa walipona kwa siku 8 hivi, wa asali kwa siku 9 hivi, wala tofauti hiyo haikuhesabiwa kuwa kitu.

Mimi nasoma habari hiyo hivi. Kama feza ni chache, usiuze kuku wako kwa ajili ya bomba dogo la mafuta. Kidonda kitakwenda kwa siku 7 mpaka 10, au majuma 2, hata ukikaa ukikitazama. Feza za kuku zilipie sabuni na chakula cha watoto. Na kama una asali safi, kupaka kidogo si kosa. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza mwili wake.

MTOTO ANAYEKATAA KULA

Mara ya kwanza virusi vinapoingia katika mtoto mdogo, huenda asipate kitu. Lakini wengine huugua sana. Homa inapanda, ufizi unavimba na kuwa mwekundu, vidonda vinajaa ulimini na midomoni, mate yanamwagika, mtoto analia na kukataa kula. Hali hiyo yaweza kukaa siku 10 hata 14.

Mama anaogopa, na hofu inamwonyesha njia mbaya. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu wako watu wanaokata kilimi cha mtoto. Wako pia wanaochimba ufizi wake kwa spoku ya baiskeli wakisema wanatoa meno mabaya. Uganda wanayaita ebiino, Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Kumbe wanatoa chembe za meno ya kweli ambayo hayajaota. Mtoto mwenye homa na kinywa cha vidonda anachimbwa tena kinywa kile kile! Damu inamwagika, chombo kimoja kinapita toka mtoto hata mtoto, na ugonjwa wa pili unaingia.

Mama, mtoto huyu hahitaji kisu. Anahitaji maji. Hatari kubwa kwake ni kukauka. Mpe maji safi, maziwa, uji mwepesi uliopoa, kijiko kimoja kimoja, kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Ukiona hakojoi tangu asubuhi mpaka jioni, analia bila machozi, macho yamezama, au amelegea, mchukue hospitali siku ile ile.

Tena, kama mtoto amekonda kwa njaa, au ametoka katika surua, ukaona kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya na shavu linavimba, usingoje kesho. Hiyo siyo herpesi. Yaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache. Ukianza dawa mapema unazuilika. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuandika noma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi wenye watoto tusiusahau.

MTOTO MCHANGA ASIBUSIWE

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto mchanga, hasa katika majuma 6 ya kwanza, hana nguvu ya kupigana na virusi hivi. Kwako wewe ni kidonda cha kuonea haya. Kwake vinaweza kuingia katika ubongo, ini na mapafu. Dalili zake ni chache: anaacha kunyonya, analala mno, anakuwa na homa au anakuwa baridi, anashikwa na degedege. Malengelenge huenda yasionekane kabisa. Asipopata asikloviri ya mshipa upesi, wengi hufa, na wengine wanaopona hubaki na kilema cha akili. Ugonjwa huu si wa kila siku, namshukuru Mungu. Lakini ukimjia mtoto wako, haukusaidii kitu kuambiwa kwamba ni wa nadra.

Unajua desturi yetu. Mtoto akizaliwa, nyumba inajaa watu. Shangazi anambeba, jirani anambeba, nyanya aliyetoka Baraka kwa mtumbwi anambeba, na kila mmoja anambusu. Ni furaha, na furaha siikatazi. Nasema tu hivi: mwenye kidonda mdomoni, au mwenye mdomo ulioanza kuwasha, amtazame mtoto kwa macho, amwombee, amwimbie, akae mbali na uso wake mpaka kigaga kitakapoanguka na ngozi kupona. Na mtu yeyote asimtafunie mtoto chakula kinywani mwake, hata asipokuwa na kidonda, kwa maana virusi huweza kuwamo katika mate bila alama yoyote.

Wengine watanijibu, "Wazee wetu walitubusu, na tuko hai." Ni kweli. Mama aliye na virusi tangu zamani humpa mtoto wake ulinzi fulani akiwa bado tumboni, na wengi wetu tulilindwa hivyo. Lakini si kila mama anavyo, na wewe huwezi kumtazama ukajua. Hata barabara ya kwenda Fizi, magari mengi yanapita salama. Je, kwa hiyo tuwaache watoto wacheze katikati yake?

Najua ni vigumu kumwambia nyanya, "Usimbuse." Mke kijana hawezi kumwambia mama mkwe maneno hayo bila ugomvi. Basi mzigo huu usiwekwe juu yake. Baba wa mtoto aseme na mama yake mwenyewe kwa heshima, kabla mtoto hajazaliwa. Wakunga waseme katika mafundisho ya wenye mimba. Na wazee wa kanisa waseme mbele ya wote, ili neno lisiwe la bibi arusi fulani, bali la kanisa zima. Nyanya anayempenda mjukuu atasikia. Nimewaona wengi waliosikia.

Na wewe mama unayenyonyesha, ukipata kidonda cha mdomo usimwachishe mtoto. Maziwa yako hayana kosa. Nawa mikono, funika mdomo wako kwa kitambaa safi, usimbusu, umnyonyeshe. Ila kama malengelenge yako juu ya ziwa lenyewe, usimnyonyeshe kwa ziwa hilo, na uje tukutazame.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Nimesema utibu nyumbani, lakini nyumba ina mpaka wake. Njoo kama jicho ni jekundu, linauma na kuchukia mwanga. Usilitie maji ya majani wala matone ya jirani. Njoo kama kidonda kinaenea usoni, au mwili una homa kali, shingo ngumu au akili imechanganyika. Njoo kama kidonda hakiponi kwa majuma 2. Na kidonda cha herpesi kikikaa zaidi ya mwezi mmoja, kinaweza kuwa ishara kwamba ulinzi wa mwili umeanguka kwa ajili ya UKIMWI. Kubali kupimwa bila haya. Dawa zipo, na wanaozinywa wanaishi na kulea watoto wao.

Liko jambo lingine linalotuhusu sisi wa Kivu ya Kusini. Tangu mwaka 2023 ndui ya nyani, ambayo sasa inaitwa mpoksi, ilienea toka Kamituga na kufika pahali pengi pa jimbo letu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni liliitangaza kuwa hatari kwa dunia yote. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini mwisho wa tangazo si mwisho wa ugonjwa. Basi ujue kupambanua. Kidonda cha homa kinakaa pahali pamoja, kwa kawaida ukingoni mwa mdomo, na mara nyingi kinarudi pale pale kilipokuwa zamani. Mpoksi huja na homa, maumivu ya mwili na kuvimba kwa mitoki, na vipele vyake hutokea uso, mikono, nyayo au sehemu za siri. Ukiona vipele pahali zaidi ya pamoja, usikae nyumbani ukipaka asali. Jitenge na watu, uje upimwe.

TUSIHUKUMU KWA KUTAZAMA MDOMO

Neno la mwisho ni kwa masikio yetu. Nilimjua msichana mmoja wa kwaya aliyekuwa na vidonda vya mdomo kila kiangazi. Watu walisema ana mwenendo mbaya. Mchumba wake alisikia, akasitasita. Msichana akaacha kuja ibadani, akaanza kupaka mafuta ya kuchubua ili kuficha, na kidonda kikaenea mpaka shavuni. Alipofika kwetu, tulimtibu kwa siku chache. Lakini jina lake lilichukua muda mrefu zaidi kupona kuliko shavu lake.

Kidonda cha mdomo si ushuhuda wa uzinzi. Mtu anaweza kuwa alikipata akiwa na miaka 2, mapajani mwa nyanya yake. Anayekionea dhambi anasema uongo juu ya jirani, na uongo huo ndio kidonda kibaya zaidi.

Lakini mwenye kidonda naye awe na upendo wa kuwalinda wengine. Siku hizo asinywe katika kikombe kimoja na wenzake, hata katika Meza ya Bwana. Aombe kikombe chake kidogo, na shemasi ampe bila kumwuliza mbele ya watu. Asalimie kwa mkono uliooshwa badala ya kugusana mashavu. Na kwa mwenzi wake wa ndoa ajizuie, mdomo wake usimguse pahali popote mwilini mpaka kidonda kipone, kwa maana virusi hivi vinaweza kuhamia sehemu nyingine.

Msomaji, kitabu hiki ukikifunga, fanya jambo moja jioni ya leo. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani mwako au kwa jirani yako, waambie wenye nyumba neno la busu, kwa upole, wakati bado hakuna mwenye kidonda. Likisemwa leo ni fundisho tu, hakuna anayeona haya. Likingoja mpaka nyanya amefika mlangoni na kidonda mdomoni, litakuwa ugomvi. Na likingoja zaidi ya hapo, huenda likawa msiba.